Kufikiri kwa Nidhamu: Funzo Kutoka Meza ya Briji

Kila mwalimu wa lugha anamfahamu mwanafunzi huyu: husoma nusu ya swali, hushika kalamu na kuanza kuandika. Ujuzi anao, kinachomponza ni haraka. Katika makala haya tunapenda kueleza jinsi wachezaji wa mashindano ya briji wanavyojizoeza kuishinda haraka hiyo, kwani mazoezi yao yanatuhusu hata sisi tusiogusa karata.

Kwanza, msamiati. Kiswahili hakikuja mikono mitupu katika uwanja huu. Maneno karata, turufu, kopa, uru, shupaza na pau yote yana asili ya Kireno, nayo yamo katika lugha yetu tangu zamani. Kwa hiyo mchezo huu unaelezeka kwa Kiswahili bila kuazima mengi.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili wawili, kwa karata 52. Kila mmoja hupata 13. Kwanza kuna mnada, ambapo kila upande huahidi idadi ya mizunguko utakayokula kati ya 13, na kutaja turufu au kusema "bila turufu". Ahadi ya 3 maana yake ni 6 na 3, yaani mizunguko 9. Baada ya hapo mmoja wa walioshinda mnada hucheza, na mwenzake hulaza karata zake wazi mezani. Katika mashindano, karata zilezile huchezwa pia na watu wengine katika meza nyingine. Hivyo hakuna wa kusingizia karata mbaya. Kinachopimwa ni akili.

Tuchukue mfano. Tumeahidi 3 bila turufu. Mpinzani wa kushoto anaanza na shupaza. Mezani kwa mwenzetu kuna shupaza mbili ndogo; mkononi tuna tatu, mojawapo ikiwa ree. Mchezaji mwenye pupa hutoa ree papo hapo. Mchezaji mwenye nidhamu husita, naye hupita katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Mizunguko ya hakika ni ree ya shupaza, ree na mfalme wa kopa, ree na mfalme wa pau, na ree ya uru. Jumla ni 6, bado 3.

Hatua ya pili ni kutafuta zitakakotoka hizo 3. Mwenzetu ana uru tano: ree, malkia, ghulamu, kumi na tisa, sisi tuna tatu ndogo. Mfalme wa uru yuko kwa wapinzani. Tukicheza uru ndogo kutoka mkononi na kumweka malkia, tutashinda ikiwa mfalme yuko kushoto. Akiwa kulia, tutapoteza mzunguko mmoja tu, na uru nne zilizobaki zitatufikisha 9.

Hatua ya tatu ni kujiuliza: nini kinaweza kutuharibia? Sisi wawili tuna shupaza tano, hivyo wapinzani wana 8. Pengine wa kushoto ana 5 na wa kulia ana 3. Tukitoa ree sasa, kisha wa kulia akashinda kwa mfalme wa uru, atarudisha shupaza na mwenzake atakula mizunguko minne. Tumebaki na 8, ahadi imevunjika. Lakini tukiizuia ree hadi mzunguko wa tatu, wa kulia atakuwa ameishiwa shupaza. Akishinda kwa mfalme wake, hana njia ya kumfikia mwenzake. Na kama shupaza zimegawanyika 4 kwa 4, watakula tatu tu na mfalme mmoja, nasi tuna 9 zetu.

Kwa kawaida ahadi hiyo ikitimia huleta pointi 400. Ikivunjika kwa mzunguko mmoja hupoteza 50. Tofauti ya pointi 450 imetokana na karata ya kwanza, wakati ambapo mwenye pupa hakuona jambo lolote la kufikiriwa.

Wachezaji wazuri wana desturi nyingine: baada ya mchezo hupima uamuzi, si matokeo tu. Mwenye pupa angemkuta mfalme wa uru kushoto, angefaulu. Hata hivyo angekuwa amekosea, na kesho kosa hilohilo litamgharimu.

Sasa turudi darasani. Mwanafunzi anayeandika "vitabu yangu mbili imepotea" mara nyingi anaijua ngeli ya KI-VI. Ameianza vizuri, kisha ameisahau njiani, kama mchezaji aliyeacha kuhesabu shupaza. "Vitabu vyangu viwili vimepotea" inadai kumbukumbu hadi neno la mwisho. Kwa wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, kama tulivyo wengi hapa Uganda, kumbukumbu hiyo haiji yenyewe. Hujengwa kwa mazoezi.

Tunapendekeza basi kwamba kabla ya kujibu, mwanafunzi ajiulize maswali matatu ya briji: Nina nini cha hakika? Ninahitaji nini zaidi? Nini kitaniharibia? Nasi walimu, tunaposahihisha, tumwulize aliyepata jibu sahihi amelipataje. Jibu la kubahatisha likipewa alama bila kuhojiwa, tumemfundisha mwanafunzi kubahatisha. Mwenda pole hajikwai.