Kisima cha mafuta kikichoka, kwa nini kinaongezewa maji?

Kisima cha mafuta kikianza kutoa kidogo, haimaanishi mafuta yameisha. Mara nyingi kilichoisha ni nguvu ya kuyasukuma juu.

Wengi wetu hudhani chini ya ardhi kuna ziwa la mafuta. Kumbe mafuta yamejibana kwenye vitundu vidogo vya mwamba, kama maji kwenye sponji. Mwanzoni presha ya chini huyasukuma yenyewe, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Presha ikishuka, mafuta mengi yanabaki humo humo.

Maji yanafanya nini?

Kampuni huchimba visima vingine, vya kuingiza maji tu. Maji yanasukumwa kwa pampu hadi kwenye mwamba, yanarudisha presha na kuyasogeza mafuta kuelekea kisima cha kuyatoa.

Si maji yoyote tu, lakini. Huchujwa ili uchafu usizibe mwamba, huondolewa oksijeni ili mabomba yasile kutu, na hutiwa dawa ya bakteria, maana wapo wanaozalisha gesi ya sumu inayonuka kama mayai viza.

Norway ilivyofaidika

Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini, ilianza kutoa mafuta mwaka 1971. Presha ilivyoshuka, mwamba wake laini wa chaki ulibonyea na sakafu ya bahari ikadidimia. Mwaka 1987 ikabidi majukwaa yainuliwe kwa mita 6.

Mwaka huohuo maji ya bahari yakaanza kuingizwa. Awali ilitarajiwa kutoa takriban asilimia 17 tu ya mafuta yaliyomo. Sasa matarajio yamevuka asilimia 50.

Ubaya wake?

Baada ya muda, maji yenyewe hufika kwenye kisima cha mafuta. Kisima kinaweza kutoa maji mengi kuliko mafuta, na kuyatenganisha ni gharama.

Na Uganda je?

Mradi wa Tilenga, wenye mpango wa visima zaidi ya 400, hausubiri visima vizeeke. Uingizaji wa maji umepangwa tangu mwanzo, na chanzo kimojawapo ni Ziwa Albert.

Kwa hiyo anayeishi kwa kuvua ziwani ana haki ya kuuliza mambo mawili: yanachotwa maji kiasi gani, na yanayorudi juu yakiwa yamechanganyika na mafuta yanapelekwa wapi?