Ratiba ya Picha katika Darasa la Awali: Mfano wa Wilaya za Mbulu na Hanang

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitaka kila mtoto apate walau mwaka mmoja wa elimu ya awali. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, watoto wengi huingia darasa hilo wakizungumza Kiiraqw, lugha ya Kikushi, au Kidatooga, lugha ya Kiniloti, ilhali lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Ratiba ya maandishi haimsaidii mtoto huyo: hajui kusoma, na maneno yenyewe ni mageni. Asiyejua kitakachofuata, wala lini atarudi nyumbani, hushinda na wasiwasi.

Ratiba ya picha humwonesha mfuatano. Kadi tano au sita za boksi, zenye michoro ya shughuli za siku, hutundikwa kwenye kamba. Shughuli ikiisha, mtoto mmoja huigeuza kadi yake. Michoro itokane na mazingira: kunawa kuoneshwe kwa kibuyu chirizi, si kwa sinki asilolijua. Mtafiti anaona pia kuwa saa ya ukutani isichorwe. Mwalimu husema "saa mbili" huku mshale mfupi ukielekea 8, tofauti ambayo mtu mzima haioni tena, lakini humtatiza anayeanza kutambua namba. Mfuatano, kwa upande wake, si mgeni kwa mtoto wa wafugaji: kwao ng'ombe hukamuliwa kwanza, ndipo hupelekwa malishoni.

Siku mvua inapozuia michezo ya nje, kadi ibadilishwe mbele ya watoto, kabla kipindi hicho hakijafika.