Duka Limefungwa, Simu Bado Iko Wazi

Mamangu ana duka dogo la rejareja huko Githurai. Mkate hufika saa kumi na moja alfajiri, kwa hivyo saa kumi na nusu yeye huwa ameshaamka. Usiku mmoja mwaka jana, ikikaribia saa tano, alikuwa bado kwa kaunta akimpigia mteja hesabu ya unga na mafuta. Ujumbe ukaingia: umepokea shilingi 3,200. Kabla hajaweka simu chini, ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya upole akamwambia, "Mama, nimekosea namba. Hiyo ni pesa ya dawa ya mtoto, tafadhali nirudishie."

Mamangu akatuma.

Asubuhi, akitaka kulipia mzigo, akaona salio halitoshi. Akarudi kwa ule ujumbe na kuusoma vizuri. Ulikuwa umetoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Hakuna pesa yoyote iliyokuwa imeingia.

Kinachoniuma ni kwamba mamangu anaujua ujanja huu. Yeye ndiye aliyenionya mimi nilipopata laini yangu ya kwanza. Angekuwa amepumzika, huyo jamaa hangemweza. Lakini alikuwa amesimama karibu saa kumi na nane, na chakula chake cha mchana kilikuwa chai na nusu mkate. Kwa hivyo tukizungumzia kujitunza, usidhani ni mambo ya watu wa spa na mishumaa ya kunukia. Ni usalama wa pesa zako.

Uchovu huu unatambulika

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwa kina hali hii ya kuchoshwa na kazi kupita kiasi. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haujashughulikiwa, na likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuanza kuichukia kazi yako au kujitenga nayo, na kuhisi huifanyi vizuri kama zamani.

Kwa mfanyabiashara, hiyo dalili ya pili huonekana haraka. Mteja anauliza bei ya sukari na unamjibu kama amekutukana. Unaona namba ya msambazaji ikiita na unaigeuza simu uso chini. Halafu yale makosa madogo madogo: chenji umerudisha mara mbili, pesa umetumia namba isiyofaa kwa sababu hukusoma jina lililotokea kabla ya kubonyeza.

Simu haina mlango

Zamani ukifunga duka, umefunga. Sasa duka liko mfukoni. Mteja anatuma pesa saa tano usiku na kuandika, "Niwekee mtungi wa gesi, nakuja asubuhi." Mwingine anataka kujua kama zile viatu bado ziko. Unajibu ukiwa kitandani, na usingizi unapotea.

Mimi nilisomea masoko chuo kikuu. Tulifundishwa jinsi ya kumpata mteja, kumshika mteja, kumrudisha mteja. Hakuna mhadhara hata mmoja uliotufundisha kumwambia mteja, "Nimefunga, tuonane kesho." Nimejifunza hilo kwa mamangu, naye amejifunza kwa hasara.

Chagua saa ya kufunga, iandike kwa karatasi, ibandike dirishani. Kama unauza kupitia WhatsApp Business, kuna ujumbe unaoweza kuuandaa ujitume wenyewe nje ya saa za kazi. Ndani yake weka saa unayofungua. Kama unaweza, tenganisha laini ya biashara na laini yako ya nyumbani. Laini ya biashara ikizimwa usiku, watoto na ndugu bado wanakupata.

Na baada ya saa ya kufunga, usifanye uamuzi wowote wa pesa. Usirudishie mtu pesa, usiagize mzigo, usichukue mkopo wa simu. Mkopo wa saa sita usiku huonekana mtamu kwa sababu umechoka na unataka tu tatizo liishe. Mtu akidai amekosea kutuma, angalia salio lako kwanza, usitegemee ujumbe. Kisha mwambie awasiliane na huduma kwa wateja, ili pesa irudishwe kwa njia rasmi. Aliyekosea kweli atakubali. Tapeli atakuharakisha, na ataanza kulia.

"Nikifunga, nitakula nini?"

Hili ndilo swali kubwa, na halina jibu la mdomo tu. Tulikaa chini na mamangu na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kumbe hata mapumziko bila daftari huogopesha bure.

Yeye alisema akifunga Jumapili asubuhi anapoteza shilingi 3,000. Nikamwuliza, hayo ni mauzo au faida? Kimya. Tukapiga hesabu ya mkate, maziwa, unga, sabuni. Katika zile 3,000, faida yake ilikuwa kama 300. Tena wengi wa wateja hao walikuwa majirani ambao wangerudi tu mchana, wala hawangehama mtaa kwa sababu ya sabuni.

Kwa hivyo asubuhi moja ya kulala, kwenda kanisani na kutembelea dadake ilikuwa inamgharimu shilingi 300, tena ikizidi sana. Sasa kila jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, anatoa shilingi 50 kwa laini ya biashara na kuiweka kando. Siku sita, shilingi 300. Jumapili anajilipa. Ukishaona kwamba umejilipia mapumziko yako, ile hofu ya kufunga hupungua sana.

Fanya hesabu yako mwenyewe. Faida ya boda boda si ya duka, na anayeuza mitumba Gikomba ana siku zake za soko ambazo hawezi kugusa. Huenda nafasi yako ni Jumanne mchana, au saa mbili tu. Ila hesabu faida, usihesabu mauzo.

Maji, chakula na choo

Wauzaji wengi, hasa wanawake, hawanywi maji kutwa nzima kwa sababu hakuna wa kuwashikia kibanda wakienda choo, na choo chenyewe ni cha kulipia. Halafu jioni kichwa kinauma na wanameza dawa. Pataneni na jirani wa kibanda: wewe unamshikia dakika kumi, naye anakushikia. Malipo yote yaingie kwa namba ya biashara, ili asilazimike kushika pesa taslimu zako. PIN yako usimpe, hata kama ni rafiki wa miaka.

Chakula cha mchana kihesabu kama gharama ya biashara, sawa na stima. Usingizi nao, mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Najua anayeamka saa tisa kwenda Marikiti atanicheka hapa. Basi angalau alale mchana mauzo yakiwa chini.

Kama umepumzika na bado moyo ni mzito, hulali, au unaona afadhali usiwepo, hapo usingoje Jumapili. Piga 1199, laini ya ushauri ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haitozwi, au nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Mamangu siku hizi anafunga saa tatu na nusu. Wiki ya kwanza kuna mteja aligonga dirisha hadi akachoka, na kesho yake akaja akinung'unika kwamba alikosa kiberiti. Mamangu akamwuzia viwili.