Hadhi ya Kipashio -ku- katika Vitenzi vya Silabi Moja vya Kiswahili

Maneno ya Kiswahili huundwa kwa kupanga vipashio vidogo kwa utaratibu maalumu. Katika neno "hatutawapikia", ha- hukanusha, -tu- hudokeza nafsi, -ta- njeo ijayo, -wa- watendewa, -pik- ni mzizi, -i- ni kauli ya kutendea na -a ni kiishio. Kwa kuwa kila kipande kina kazi yake, mofimu hufafanuliwa kuwa kipashio kidogo kabisa cha lugha chenye maana. Fasili hii, inayohusishwa na isimu miundo ya Leonard Bloomfield (1933), hukabiliwa na utata inapofika kwenye vitenzi kama -la, -nywa, -fa na -ja.

Neno "anasoma" huchanganuliwa a-na-som-a, ilhali "anakula" huchanganuliwa a-na-ku-l-a. Kipande -ku- katika neno la pili hakiongezi nafsi, njeo wala ukanushi. Aidha, "anakusoma" ni neno sahihi, lakini -ku- humo humrejelea mtendwa wa nafsi ya pili umoja. Kutokana na hali hiyo, sentensi "Simba anakula" ina tafsiri mbili: simba yumo katika kula, au simba anakula wewe. Umbo ni moja, vipashio ni viwili.

Mtawanyiko wa kipashio hiki unatoa ufafanuzi. Hujitokeza baada ya -na-, -li-, -ta- na -me-: "anakula, alikula, atakula, amekula". Hakijitokezi katika "akila, akala, hula, hali" na "asile", wala panapokuwa na kiambishi cha mtendwa, kama katika "amemla". Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -ki-, -ka-, hu-, ha-, -si- na vya mtendwa huweza kubeba mkazo huo. -Na-, -li-, -ta- na -me- haviwezi. Hivyo, -ku- huingia ili kuubeba. Hata amri "kula!" huafiki maelezo haya, kwani bila ku- neno lingebaki na silabi moja, pasiwe na silabi ya kupokea mkazo.

Kwa upande wa historia, -li- hunasibishwa na kitenzi kishirikishi na -ta- na kitenzi -taka, ambavyo vilifuatwa na kitenzi-jina. Kwa mtazamo huo, -ku- ni masalia ya kitenzi-jina yaliyohifadhiwa pale mkazo ulipoyahitaji. Maumbo "anakwenda" na "anaenda" yanaunga mkono hoja hii: shina lenye silabi mbili halihitaji msaada, na ndiyo maana -ku- humo ni ya hiari.

Charles Hockett (1947) aliziita mofu zisizobeba maana mofu tupu. Istilahi hiyo inafaa kwa -ku-, mradi isieleweke kuwa kipashio hicho hakina kazi. Kazi ipo, ila ni ya kifonolojia. Mwanafunzi anayetakiwa kutaja maana ya kila mofimu katika "anakula" hulazimika kubuni maana isiyokuwepo, au kuichanganya -ku- hii na ile ya ukanushi katika "hakula". Kwa hiyo, uchanganuzi wa neno la Kiswahili unapaswa kuuliza kwanza kila kipashio kinafanya kazi gani, ndipo uulize kinamaanisha nini.