Bunduki yenye kiwambo nayo huumiza masikio



Huko Marekani na Nyuzilandi, wakulima hupiga risasi wanyama waharibifu: sungura wanaomaliza majani ya mifugo, na koyote, jamaa ya mbweha, wanaoua wana-kondoo. Wengi hufunga mbele ya mtutu kiwambo cha kuzuia sauti. Hiram Percy Maxim wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1909.

Kinafanya kazi namna gani? Hewa ya moto ya baruti hutoka kwa nguvu nyuma ya risasi. Ndani ya kiwambo mna vyumba vidogo. Hewa hupanuka humo, hupoa na kutoka polepole, kama katika bomba la moshi la motokari. Lakini risasi inayokimbia kupita sauti hupasua hewa kwa kishindo ambacho kiwambo hakikizuii.

Mlio wa bunduki hiyo hufika desibeli 160 hivi. Kiwambo hupunguza 20 mpaka 30. Zinazobaki ni hatari bado. Kwa hiyo mwindaji mwenye akili huvaa pia vizibo vya masikio.

Nasi je? Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa, havioti tena, wala hakuna dawa. Bunduki huviua kwa pigo moja. Makina ya kutoboa mawe, kidogo kidogo kila siku. Hata makina ikiwa na kizuia-sauti, usivue vizibo vyako. Mama, ukiona baba anazidi kuongeza sauti ya redio, umwambie aje kupimwa masikio.