Tochi Imegeuka Upanga

Akina mama wenzetu, umeme ulipokatika usiku hapa Katandala, tulitafuta tochi tukaikuta imekuwa upanga wa nuru, ule wa sinema ya Star Wars! Mwanetu aliizungushia vipande vya mpira wa baiskeli, akachomeka bomba la plastiki mbele. Tuligomba sana. Kumbe hata ule wa sinema ya 1977 ulianza hivyohivyo: Roger Christian alipata mpini wa taa ya kamera kuukuu ya Graflex katika duka la London, akaubandikia vipande vyeusi.

Basi tukachukua tochi yetu, tukampa mbovu. Betri zilizovuja tulizitoa wenyewe, maana majimaji yake huunguza ngozi. Sasa dada yake naye anataka upanga, na tochi mbovu zimekwisha.