Tapeti Haziponi kwa Oili Nzito

Swali huja kwa sura ileile. Dereva ametoka Huye, ameukata msitu wa Nyungwe, amepita Ntendezi, na alipofika Gihundwe akazima redio na kushusha kioo. Ndipo akausikia: tak-tak-tak-tak. Anaingia kwenye gereji ya kwanza anayoiona, anafungua boneti, na fundi hajamaliza kufuta mikono anaulizwa: "Fundi, niweke oili gani nzito ili tapeti zinyamaze?"

Hasemi mlio ulianza lini. Hasemi kama unasikika injini ikiwa baridi au ikiwa moto, gari likiwa limesimama au likipanda. Kijiti cha oili hajakigusa tangu sevisi ya mwisho, na huenda sevisi hiyo ilikuwa kabla ya masika. Ugonjwa ameshaupima mwenyewe na dawa ameshajiandikia. Amekuja kuulizia chupa tu.

Na chupa ataipata. Ataambiwa "ishirini-hamsini", yaani 20W-50, atamwagiwa, atawasha, na mlio utapungua kweli. Aliyemuuzia hajamdanganya kwa hilo. Kelele zimepungua, mteja ameridhika, na hakuna aliyegusa kilichokuwa kikilia.

Tuanze na tapeti zenyewe, maana wanaozitaja sana ndio wasiojua zilivyo. Toyota nyingi zilizozoeleka katika ukanda huu, kuanzia Carina E zenye injini za 4A-FE na 7A-FE, RAV4 za kwanza zenye 3S-FE, hadi Probox zenye 1NZ-FE, hazina tapeti za kujazwa oili. Tapeti zake ni vikombe vya chuma kigumu, kila kimoja kimekaa kati ya nundu ya kamshafti na valvu. Ndani hamna springi ya kujirekebisha, hamna chumba cha oili, hamna tundu la kuziba. Kati ya kikombe na nundu huachwa mwanya, na mwanya huo hupangwa kwa kisahani cha chuma kiitwacho shimu, au kwa unene wa kikombe chenyewe. Kwenye 1NZ-FE, injini ikiwa baridi, mwanya wa valvu za kuingiza hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, na wa valvu za kutoa moshi ni 0.25 hadi 0.35. Karatasi mbili za ofisini kwa valvu za kwanza, tatu kwa za pili.

Mwanya huo umewekwa makusudi. Chuma kikipata moto hurefuka, na valvu isipoachiwa nafasi ya kurefuka haitafunga. Kwa hiyo kila mara nundu inapovuka mwanya huo na kukutana na kikombe, lazima kitu kigote. Anayetaka injini ya namna hiyo iwe kimya kabisa anataka iharibike.

Hapa ndipo madereva wengi hushangaa. Kwenye injini hizi, uchakavu wa kawaida mara nyingi hupunguza mwanya badala ya kuuongeza: valvu inazama kidogo kidogo kwenye kiti chake, shina lake linapanda, na nafasi inakwisha. Valvu iliyobanwa hivyo hailii. Inakaa wazi kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, na ikiwa ni ya kutoa moshi inaungua, kwa sababu njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa barabara juu ya kiti na kukiachia joto lake. Mwenye gari anasifu injini yake kwa utulivu mpaka siku anapopanda kutoka mpakani Rusizi ya Kwanza kuelekea Kamembe akiwa na abiria wanne, na gari halina nguvu. Silinda moja haishiki tena. Hakuna aliyeisikia ikifa, maana ilikuwa imenyamaza.

Ziko injini zenye tapeti za kujirekebisha kwa oili. Hiace na Hilux za 1TR-FE zinazo, na Corolla za 2ZR-FE vilevile. Mwenye gari la aina hiyo ana haki ya kuihusisha oili na mlio, lakini hata yeye akikimbilia oili nzito amekosea njia. Vifaa hivyo hujazwa kupitia vitundu vyembamba. Vinataka oili safi, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, ifike haraka. Ukiipeleka nzito itachelewa, na ukiiacha ile ya zamani iliyogeuka lami, haitafika.

Sasa, mbona kelele hupungua? Kwa sababu utando mzito wa oili kati ya vyuma viwili ni kama mto wa pamba kati ya nyundo na fuawe. Kwa vipimo vya SAE, oili ya daraja la 30 ikiwa na joto la nyuzi 100 huwa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya daraja la 50 huwa kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti hiyo inatosha kufunika mgoto wa tapeti. Inatosha pia kufunika mgoto wa beringi inayoanza kuliwa, na hili la pili ndilo la kutia hofu. Beringi haikuongezewa hata unywele wa chuma. Mwenye gari ndiye amezibwa masikio.

Gharama yake huonekana asubuhi. Kamshafti iko juu kabisa ya injini na oili imelala chini kabisa, kwenye karteri, au sampu kama wasemavyo mafundi wa Dar es Salaam. Injini inapowashwa baridi, kamshafti ni miongoni mwa wa mwisho kupata riziki. Katika ubaridi wa asubuhi wa Gihundwe, oili ya 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, kwa hiyo inapanda ikijivuta, na sekunde hizo za kungoja ndizo zinazokula nundu na vikombe. Injini zenye VVT-i zinaumia mara mbili, kwa sababu mfumo huo hugeuza kamshafti kwa msukumo wa oili ileile. Kwa hiyo aliyeweka oili nzito ili tapeti zisilie ameongeza kile kinachozifanya zilie.

Haki itendeke: 20W-50 si sumu. Vitabu vya Toyota za zamani viliiruhusu kwenye nchi za joto, na bila shaka mazoea yalianzia huko. Lakini kitabu cha Corolla ya 1990 hakitibu Probox ya 2010, na Gihundwe si Mombasa. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Nyungwe inapita mita 2,000.

Wako wanaokwenda mbali zaidi, wanachanganya oili ya gia. Hoja yao ni kwamba tisini ni kubwa kuliko hamsini. Namba hizo ni za mizani mbili tofauti: oili ya gia ya daraja la 90 inakaribiana uzito na oili ya injini ya 40 au 50. Kwa hiyo mchanganyaji hapati hata ule uzito alioutaka. Anachopata ni kemikali za salfa zilizotengenezwa kwa ajili ya meno ya gia, ambazo hazikukusudiwa kuishi na beringi za injini zenye shaba. Wengine humimina mafuta ya taa ili "kuosha injini", wakang'oa uchafu uliokuwa umejilalia na kuupeleka moja kwa moja kwenye chujio la pampu ya oili. Na kuna hila kongwe ya walanguzi wa magari, ya kutia unga wa mbao kwenye gia na difu ili gari lingurume kwa upole mpaka fedha zihesabiwe. Oili nzito kwenye injini ya mtumba ni binamu wa hila hiyo. Mnunuzi akikuta gari la miaka 20 limetulia kupita kiasi, na oili yake inaning'inia kwenye kijiti kama asali, ana sababu ya kufunga pochi.

Tapeti zisipokuwa na hatia, nani analia? Mara nyingi ni nozeli za petroli, na hizo zina haki ya kulia maisha yao yote. Hesabu inasaidia. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika gari likiwa limesimama, kamshafti inazunguka nusu yake, mara 375. Kila valvu na kila nozeli inafanya kazi mara moja kwa mzunguko huo, yaani mara sita na kidogo kwa sekunde. Nozeli nne kwa pamoja zinapiga mara 25 kwa sekunde, na sikio haliwezi kuzihesabu, linasikia cherehani. Valvu moja iliyolegea, kinyume chake, inapiga mara sita kwa sekunde, inafuatika kwa kidole juu ya usukani. Mlio wa cherehani, laini, usiobadilika kwa baridi wala joto, ni wa kuachwa. Injini za D-4, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1996 na ambazo humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hulia kwa ukali zaidi kwa sababu ya pampu yao ya shinikizo kubwa. Wenye Noah na Premio za 1AZ-FSE wamefungua injini bure kwa sababu ya pampu hiyo.

Mlio unaosikika asubuhi na kupotea baada ya dakika chache mara nyingi ni moshi unaochomoka kwenye gaskiti ya ekzosi au kwenye ufa wa manifoldi. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba tundu, dereva anaamini gari limejiponya, na kesho yake wimbo ni uleule. Dalili yake ni masizi meusi kandokando ya kiungo, na mlio unaoongezeka gari likivuta mzigo. Plagi iliyolegea, bujii kwa mafundi wa Bukavu, hutoa mlio wa namna hiyohiyo, na dawa yake ni spana. Hapo chupa ya oili ingefanya nini?

Beringi haisemi tak. Inasema ngo, kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayegonga mlango wa mbao kwa ngumi, na inazidi gari likipanda mlima au resi zikiongezwa. Kuifananisha na tapeti ni kosa ambalo fundi wa mwaka wa kwanza husamehewa, wa mwaka wa tano hasamehewi.

Yaliyobaki ni kazi ya nusu saa. Bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli na mpini kwenye sikio, kisha kwenye kifuniko cha valvu, kisha kwenye alteneta na pampu ya maji: palipo na kelele nyingi ndipo penye mwenyewe, mradi nywele, shali na mikono zikae mbali na mkanda. Mlio ukiwa kwenye kifuniko cha valvu, kifunguliwe injini ikiwa imepoa na mwanya upimwe kwa fila geji. Penye kasoro ibadilishwe shimu au kikombe. Kuchakacha kwa sekunde mbili tatu wakati wa kuwasha kwenye injini ya cheni ni kazi ya kukagua kikaza-cheni. Oili iwe ya daraja la kitabu, ibadilishwe pamoja na filta. Ngo-ngo ya beringi haitaki majaribio: gari livutwe, lisiendeshwe hadi gereji. Ndivyo ilivyo pia kwa taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani. Injini izimwe palepale, hata kama ni katikati ya Nyungwe na mvua inanyesha.

Na kabla ya bisibisi, kijiti. Kwenye magari mengi madogo, kati ya alama ya juu na ya chini ni takriban lita moja, na 1NZ-FE nzima inachukua lita 3.7. Gari lililofika alama ya chini limepoteza zaidi ya robo ya oili yake, na kwenye mpando mkali kile kilichobaki kinakimbilia upande mmoja wa karteri na kuiacha pampu ikivuta hewa. Baadhi ya tak-tak zinazoletwa gereji zingeishia hapo, kwa lita moja ya oili ileile iliyomo. Kipimo kinachukuliwa asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limesimama sawasawa. Kwa Gihundwe, ugumu wake ni mmoja: kupata mahali tambarare pa kuliegesha.